Sentimita Themanini na Saba

Kabla haijafika nilikuwa nimeshaipanda
mara arobaini hivi, jikoni.
Urefu wa kiti niliusoma kwenye karatasi ya muuzaji,
nikauchora kwa chaki kwenye mlango,
nikapanga kreti tatu za soda, gunia la maharagwe juu,
na kila jioni, nikishasahihisha vitabu vya Kidato cha Pili,
nikajitupa pale, mguu huku, mguu kule,
vidole vikiitafuta sakafu
kama vya mtu anayetafuta ndara gizani.
Binti yangu Jeruto, mwiko mkononi:
"Mama, leo umefika wapi?"
Leo nimefika Lodwar.
Mchuzi umeungua.

Miaka tisa ya sacco, shilingi kwa shilingi,
kuku anadonoa uwanja wa shule.
Kisha simu: imeshuka Mombasa.
Simu: imelala Mariakani, lori lina pancha.
Kisha siku sita bila simu,
nami nafundisha asidi na besi
sikio moja likiwa ubaoni, la pili barabara kuu.

Jumamosi, Khaemba aling'oa misumari ya sanduku.
Nilidhani moyo utaruka. Haukuruka.
Nilichokiona kwanza ni vioo vya pembeni
vimefungwa sponji kama masikio ya mgonjwa,
halafu rangi: niliagiza buluu,
imekuja rangi ya uji wa wimbi.
Nikanyamaza. Khaemba naye akanyamaza,
mkunga anayengoja mama amtazame mtoto.
Nikainama, nikanusa tairi.
Basi. Ni yangu.

Nilitarajia ingurume, itetemeshe mabati ya gereji.
Ilikohoa tu, kistaarabu,
kama mtu aliyechelewa mkutano wa wazazi
anayetafuta kiti cha nyuma.

Na zile kreti zilinidanganya.
Kreti haina kilo mia mbili na kumi na tano.
Kreti haiinami.
Penye petroli, njia panda ya Njoro, nilisimama kumpisha mbuzi,
mguu wa kushoto ukateremka, ukateremka,
ukakuta shimo mahali pa lami.
Tukalala chini pamoja, polepole, mimi nayo,
kama wazee wawili wanaokaa mkekani.
Vijana wa boda wakaja mbio, saba,
wakainyanyua kwa haya-haya ya mpigo mmoja,
na hakuna aliyecheka mpaka iliposimama.
Hapo ndipo wakacheka wote.
Mmoja, Kiptalam, akaikagua mbele na nyuma:
"Mwalimu, hii inabeba magunia mangapi?"
Mkwaruzo mmoja, urefu wa njiti ya kiberiti.
Nikaupaka mate, kama kidonda cha mtoto.

Baada ya Molo ikaanza kunieleza ilivyo.
Ukungu wa Mau Summit uliniingia mikononi mwa jaketi,
malori yalipanda kilima kwa magoti,
nikayapita nimeketi juu kuliko ua,
nikaona niliyokuwa sijayaona
miaka ishirini ya kupita njia ile ile:
nyuma ya michongoma viazi vimechanua meupe,
mtu amelala kifudifudi anakunywa maji ya mferejini,
punda wawili wameegemeana.
Kona ikanijia. Nikaitazama mwisho wake, ikafunguka.
Fizikia hiyo niliifaulu chuoni.
Kuiamini, ni leo.

Londiani, mama alitoka na kitambaa cha vyombo,
akapangusa matope kwenye kiti, hakuuliza bei.
Akaipima kwa macho:
"Ni ndefu kuliko marehemu baba yako."
Akaizunguka. Akagusa injini, akaungua kidole, akakinyonya.
Halafu akauliza kofia ya pili iko wapi.

Nilikuwa nimenunua moja.